Mashua na Mawimbi ya Ghuba ya Berkeley

Ghuba ya Berkeley iko pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Victoria, pale ambapo mpaka wa Kenya na Uganda unaacha nchi kavu na kuingia majini. Mto Sio unamwaga maji yake humo, na katika sehemu yake ya chini mto huo ndio mpaka wenyewe. Upande wa mashariki kuna Sio Port na, kusini zaidi, Port Victoria, zote katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi kuna Majanji, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, mvuvi wa Majanji aliyetaka kufika makao makuu ya wilaya yake aliupa mgongo ufuko na kwenda bara, hadi mji ulio chini ya jabali la Tororo. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wanyala wako kusini, kwenye bonde la chini la mto Nzoia, eneo la Budalang'i.

Historia ya usafiri wa Ziwa Victoria huandikwa mara nyingi kama historia ya meli za mvuke na reli. Kwa ufuko huu mtazamo huo unapotosha. Reli ilipangwa kufika hapa na haikufika. Kilichobeba watu, samaki, majembe na kahawa kwa zaidi ya karne moja ni mashua ndogo ya mbao, na ustadi wa kuipeleka juu ya maji yasiyo na kina yenye mawimbi makali.

Mawimbi ya ziwa hayafanani na ya bahari. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 69,000, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na mahali penye kina kirefu kuliko pote hapazidi sana mita 80. Halina maji kupwa na maji kujaa ya kuonekana kwa macho. Wimbi lake huzaliwa na upepo wa karibu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Mchana nchi hupata joto, na upepo hugeuka kutoka ziwani kuja nchi kavu. Mvuvi huondoka usiku au alfajiri upepo ukimsukuma kwa nyuma, na hurudi mchana upepo ukimsukuma tena kwa nyuma. Mpango huo mzuri una hatari yake. Ghuba ya Berkeley imefungua mdomo upande wa kusini-magharibi, hivyo upepo wa mchana hukusanya mawimbi ya ziwa na kuyaingiza ndani. Yakifika kwenye maji haba, mawimbi hupungua mwendo, hukaribiana, husimama na kuvunjika. Ni mafupi, yanafuatana upesi, na mashua haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine.

Mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao, ambao msafara wa James Cook uliukuta Tahiti na Hawaii katika karne ya 18, unategemea wimbi la namna nyingine: lililosafiri maelfu ya kilomita baharini na kufika kwenye mwamba wa pwani likiwa limejipanga na lina nguvu. Ziwa haliwezi kulitoa. Ndani ya Uganda mchezo wa namna hiyo ulikuta makao yake kwenye Nile, karibu na Jinja, ambako maji yanayopita juu ya miamba hujenga wimbi lililosimama mahali pamoja. Waendesha kayaki kutoka nchi nyingi walilifuata wimbi hilo tangu miaka ya 1990, mpaka mabwawa ya Bujagali na Isimba yalipofunika sehemu kubwa ya maporomoko. Ufukoni mwa Busia ujuzi wa wimbi ulikuwa wa kazi. Wimbi lilisomwa ili samaki wafike salama na mbao zisipasuke.

Hatari kubwa huja wakati wa kurudi. Wimbi linalokuja kutoka nyuma huinua shetri na kuisukuma omo chini. Mshika usukani akizembea, mashua hugeuka ubavu na kupinduka. Nahodha anayejua kazi yake huhesabu mawimbi, huacha yale makubwa yapite, kisha huamuru makasia yavutwe kwa pamoja ili mashua iingie nyuma ya mgongo wa wimbi lililokwisha kuvunjika. Penye mchanga huruka watu wawili kushika mbavu za chombo. Penye mawe, kama pale vilima vya Samia vinaposhuka hadi majini, kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mkuku ukigonga jiwe wakati wimbi linashuka mbao hufunguka. Wavuvi wa Ghana na wa pwani nyingine za Afrika Magharibi walijenga ustadi wa jamaa moja na huu, wakiingia na kutoka katika mawimbi ya Atlantiki kwa mitumbwi mirefu ya gogo.

Chombo kilichojulikana kaskazini mwa ziwa kabla ya ukoloni kilikuwa mtumbwi wa mbao za kushona, ambao wageni waliuita wa Sese kwa jina la visiwa vya Buganda. Uliundwa kuanzia mkuku, gogo refu lililochongwa, ambalo mbele lilitokeza kupita omo na hivyo ndilo lililotangulia kugusa nchi. Mbao ziliongezwa pande zote mbili, zikatobolewa kandokando na kushonwa kwa nyuzi za mimea, kisha maungio yakazibwa. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Mikubwa ilifikia urefu wa mita 20 na zaidi, ikavutwa na makumi ya wapiga kafi. Mshono ulikuwa na faida, kwani mbao zilicheza kidogo wimbi lilipopiga badala ya kupasuka. Ulikuwa na gharama pia: maji yaliingia muda wote, na mtu mmoja au wawili walikaa chini wakiyafua tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Shehena iliyoupa ufuko huu jina ilikuwa chuma. Vilima vya Samia vina mawe yenye madini ya chuma, na wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, wakafua majembe, mikuki na visu. Jembe la Samia lilikuwa mali: lililimia, lililipa mahari, lilibadilishwa kwa mifugo na nafaka. Lilifika kwa Wajaluo upande wa kusini, na kwa njia ya maji na nchi kavu likaingia Busoga upande wa magharibi. Hapa ndipo umuhimu wa mtumbwi unapoonekana wazi. Chuma ni kizito. Mpagazi hubeba majembe machache tu, lakini mtumbwi mmoja hubeba mzigo wa wapagazi wengi, na kati ya Samia na Busoga kuna visiwa na ghuba za kujikinga upepo unapochafuka. Kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalikuwa yakiuzwa kwa bei ambayo tanuri la kijijini halikuweza kushindana nayo, na uyeyushaji ukafa. Ni hasara kubwa kwa historia ya ufundi wa eneo hili, kwa sababu tanuri lilipozimwa lilikufa pamoja na maarifa ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Wageni wa kwanza walioacha maandishi walifika kwa njia mbili. Henry Morton Stanley alizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Joseph Thomson alikuja kwa miguu kupitia Umasaini, na Desemba 1883 akafika ziwani katika nchi ya Samia. Hakuwa mtu wa kwanza kutoka pwani kujua eneo hilo: misafara ya pembe za ndovu ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imekwisha kuzoea kituo cha Kwa Sundu, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Mumias, makao ya watawala wa Wanga. Kutoka hapo njia iliendelea Busoga na Buganda. Watawala wa Buganda waliiogopa njia hiyo kwa sababu iliingia nchi yao kutoka mashariki, upande wasioulinda. Askofu James Hannington aliifuata mwaka 1885, akakamatwa Busoga na kuuawa mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Miaka michache baadaye hofu ya Buganda ikawa mpango wa Waingereza. Kampuni ya Imperial British East Africa ilimtuma Kapteni J. R. L. Macdonald kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani, na kati ya 1891 na 1892 kikosi chake kilichora njia ya zaidi ya kilomita 1,000 iliyoishia kwenye Ghuba ya Berkeley. Mwisho wa njia hiyo ndio ulioitwa Port Victoria. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, iliyoendelezwa na Kapteni Sclater katikati ya miaka ya 1890, nayo ilielekezwa huku. Kwa muda mfupi pembe hii ya ziwa ilikuwa, kwenye ramani za London, lango la Uganda.

Upimaji mpya uliofanyika ujenzi ukiwa umeshaanza ulibadilisha yote. Wahandisi walipata mteremko kupitia bonde la Nyando hadi mwisho wa ghuba nyingine, iliyo kusini, na njia hiyo ilikuwa fupi zaidi: reli nzima kutoka Mombasa ikawa takriban kilomita 940. Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Meli ya mvuke William Mackinnon ilikuwa imeshashushwa majini huko, na baada yake zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill na nyingine zilizoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu. Mwaka uliofuata, 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, na mpaka ukaja kusimama kwenye ardhi ya Wasamia. Jina la Port Victoria lilibaki. Bandari kubwa iliyokusudiwa haikujengwa.

Katika miaka hiyohiyo ufuko ulipata pigo zito kuliko kukosa reli. Ugonjwa wa malale ulizuka Busoga kuanzia mwaka 1900 au karibu na hapo, ukaenea kando ya ziwa hadi Samia na kusini kwake. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa upande wa Uganda. Mbung'o waliokuwa wakieneza maradhi waliishi kwenye vichaka vya ukingo wa maji, yaani palepale mitumbwi ilipopandishwa. Chini ya Gavana Hesketh Bell, kuanzia 1906 na kuendelea, serikali ya Uganda iliamua kuwaondoa watu ufukoni na visiwani. Kisiwa cha Sigulu na visiwa jirani vya Bukooli, huko Busoga, vilibaki bila watu. Uamuzi huo uliokoa maisha ya wengi, na wakati huohuo ulikata mtandao mzima wa safari: mtumbwi usiotumika huoza mishono yake, na kijana asiyeruhusiwa kufika majini hajifunzi kusoma wimbi. Watu waliporudi miaka ya baadaye, wavuvi wa Samia wakiwa miongoni mwao, ilibidi mengi yaanzwe upya.

Reli yenyewe ilikuja karibu baadaye, lakini kwa kupitia bara. Njia kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Malaba ilifika Tororo, na kufikia mwaka 1928 ilikuwa imeunganishwa na reli ya Busoga. Mwaka 1931 treni zikafika Kampala. Pamba ya mashariki mwa Uganda, ambayo zamani ilipelekwa kwenye bandari za ziwa na kupakiwa melini kwenda Kisumu, sasa ingeweza kupakiwa kwenye mabehewa na kusafiri moja kwa moja hadi Mombasa. Tororo ikawa mji wa njia panda, na tawi la reli likaelekea Mbale na Soroti. Ufuko wa Busia ukabaki pembeni ya njia zote kuu, na hapo ndipo mashua ndogo ilipopata nafasi yake: hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Mashua nayo ilikuwa imebadilika. Tanga la pembetatu la Bahari ya Hindi liliingia ziwani pamoja na wafanyabiashara na mafundi wa pwani, Waarabu, Waswahili na Wahindi, na likapokelewa vizuri hasa upande wa Kenya. Mshono ukaupisha msumari. Mbao zikapigiliwa kwenye mataruma na maungio yakakalafatiwa. Chombo kilichotokea ni mzao wa mitumbwi ya ziwa na majahazi ya pwani: mkuku mrefu wa kienyeji, tanga la Kiswahili. Mwaka 1905 nyavu za makila zilianza kutumika katika ghuba ya Kisumu, zikaenea upesi. Ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alivuliwa kupita kiasi, hata mwaka 1927 na 1928 Michael Graham akatumwa kuchunguza ziwa zima na kupendekeza jicho la wavu lisipungue inchi 5. Baada ya vita kuu ya pili zilikuja nyavu za nailoni na mashine za kufunga nyuma ya mashua. Mashine ilimpa mvuvi uwezo wa kupingana na upepo. Ilimwezesha pia kwenda mbali kuliko babu yake alivyothubutu, katika chombo kilekile chenye ubavu mfupi.

Ziwa lenyewe halikutulia. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua maji kwa zaidi ya mita 2, na fuo za zamani zikazama. Sangara, anayeitwa mbuta upande wa Kenya, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kiasi cha kula na kumaliza aina nyingi za samaki wadogo. Wanunuzi wa minofu walimfuata hadi bichi za Port Victoria na Majanji. Dagaa, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, ndiye aliyebaki kuwa chakula cha watu wa kipato kidogo. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa juani na kuuzwa katika masoko ya Busia pande zote mbili. Katika miaka ya 1990 gugu maji lilisukumwa na upepo uleule wa mchana hadi ndani ya ghuba, likafunga gati na bichi, na mashua zikakwama kwenye zulia la majani kabla ya kufika nchi kavu.

Kwa wakazi wengi wa umri mkubwa, enzi inayokumbukwa zaidi ni ya magendo. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, wakati ambapo mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alilipwa na serikali kiasi kidogo kwa fedha iliyokuwa ikipoteza thamani. Kahawa ikavuka kwenda Kenya usiku, na sabuni, chumvi na sukari zikarudi. Nchi kavu ilikuwa na baiskeli za Busia, zile zilizoanzisha biashara ya bodaboda. Majini zilitumika mashua. Serikali ya Amin iliunda kikosi cha kupambana na magendo, kikiongozwa na Bob Astles, chenye boti za kasi zilizowinda ziwani. Waliokamatwa walipoteza mali, na wengi walipoteza maisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ushirika wa reli na meli uliokuwa chini yake ukagawanyika. Mashua za ghuba, ambazo hazikuwahi kuwa chini ya shirika lolote, ziliendelea kuvuka.

Mpaka wa majini ni mgumu kuliko wa nchi kavu kwa sababu hauna alama. Mvuvi wa Sio Port aliyefuata samaki au kusukumwa na upepo anaweza kujikuta Uganda bila kujua, na wa Majanji vivyo hivyo. Tangu mwaka 2017 jeshi la Uganda limepewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu, na kukamatwa kwa wavuvi wa Kenya na nyavu zao kumekuwa malalamiko ya kila mara huko Bunyala, nchi ya Wanyala, na Samia. Hoja ya Uganda ya kulinda samaki wachanga ni ya haki. Hata hivyo sheria inayomtaka mtu ajue mstari asiouona, huku akiwa kwenye mashua isiyo na kifaa cha kuonyesha mahali alipo, inamwadhibu zaidi fukara kuliko mhalifu. Serikali mbili zilizoweza kujenga kituo kimoja cha mpakani Busia kwa ajili ya malori, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, zinapaswa kuweka utaratibu wa aina hiyo kwa mashua pia.

Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya kiwango cha mwaka 1964, na fuo za Busia zikazama tena. Huko Budalang'i, kulikopigwa kwa wakati mmoja na mafuriko ya Nzoia, watu wengi walihama makazi. Katika miaka hiyohiyo idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki, zikishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika mradi ulioanza 2017, zilianza kutoa kila siku utabiri wa upepo na mawimbi kwa ajili ya wavuvi wa ziwa, kwa Kiswahili na lugha nyingine za ufukoni. Dhoruba za ziwa zinajulikana saa zake: nyingi huzaliwa usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana katikati ya maji, na huvunjika kabla ya jua kuchomoza, wakati mashua za dagaa bado ziko nje. Mashua nyingi zinazotoka Majanji, Sio Port na Port Victoria bado hazina jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo.